Jagi la Marehemu

Nchi yenyewe haitajwi hapa, kwa sababu imeomba isitajwe, na ilipoomba ilituma watu wawili wenye miwani myeusi kuleta ombi hilo. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, yenye milima, migomba, na amani nyingi kiasi kwamba nyingine huhifadhiwa kwenye makontena karibu na kambi ya jeshi. Wananchi wake ni watulivu. Ukiwauliza hali, hujibu kwanza kwamba hali ni nzuri sana, kisha ndipo huuliza anayeuliza ni nani.

Katika nchi hiyo aliishi mzee mmoja aitwaye Melkiori, fundi magodoro aliyestaafu, ambaye mke wake Anjelista alifariki mvua zilipoanza. Tangu siku ya mazishi Melkiori hakuwa amelia. Si kwamba alijikaza. Alikingoja kilio kama watu wa mtaa wake walivyozoea kungoja umeme urudi, nacho hakikurudi. Chakula alikila bila kujua kama kina chumvi. Siku moja alijimwagia uji wa moto mguuni, akaja kujua jioni alipoona malengelenge. Waliomwambia "pole" aliwajibu "nimeshapoa", kama inavyopasa kujibu, na kwa upande wake lilikuwa jibu la kweli kabisa.

Anjelista alikuwa mpika pombe, na pombe yake ya ndizi na kimea cha ulezi ilijulikana hadi tarafa ya jirani. Ugonjwa ulimwangusha ndiyo kwanza amechanganya mtungi wake wa mwisho, kimea alichokiotesha mwenyewe, ndizi alizozichemsha mwenyewe, na gome chungu alilolitwanga mwenyewe akiwa tayari anashika ukuta ili asimame. Alipoona hatanyanyuka tena, alimshika mumewe mkono.

"Melki, ikiiva, nipe mimi kwanza," alisema. "Nipe ardhini. Nikishapata mimi, ndipo na nyinyi mnywe."

Huko kwao ndivyo ilivyo. Mpika pombe akifa mtungi wake ukiwa bado unachachuka, yeye ndiye hupewa kwanza, tena na mtu wa nyumbani mwake. Asipopewa, hajaaga, na waliobaki hawajaagwa. Melkiori alimwambia "ndiyo", na hilo ndilo lilikuwa neno la mwisho kati yao.

*

Kabla pombe haijaiva, ikaja Kamati ya Serikali.

Kamati ilikuja msibani na turubai na viti vya plastiki, ikakaa, ikasikitika kwa mujibu wa ratiba, kisha ikaondoka na turubai, viti na mtungi. Mwenyekiti alieleza kwa upole kwamba pombe ya Anjelista imetangazwa kuwa urithi wa taifa usioshikika, halafu vijana wanne wakaushika, wakaupakia kwenye pikapu.

"Lakini ni wa mke wangu," alisema Melkiori.

"Hongera sana, mzee," alijibu Mwenyekiti, akampa mkono. "Kuanzia leo ni wa mke wa kila mtu."

Mtungi ulipelekwa mjini, ambako Serikali ilikuwa inamalizia kujenga Baa ya Kimea, mahali pa kwanza nchini ambapo mwananchi angeweza kunywa bia huku akiiona inavyotengenezwa nyuma ya kioo. Wataalamu walikuwa wameshaleta mitambo kutoka nje, inayong'aa mpaka unaweza kunyoa ndevu mbele yake. Kilichokosekana ni mtu wa kujua kitiwe nini ndani. Basi pombe ya Anjelista ikamiminwa kwenye tangi la chuma, ikawekwa kwenye baridi kali ingoje siku ambayo Mheshimiwa Rais angepata nafasi ya kukata utepe. Pombe ya ndizi kwa kawaida haimngoji mtu. Hii ilishauriwa ingoje.

Na kwa kuwa kila bia ya kisasa lazima iwe na jina, iliitwa Bia ya Mama Mwenyewe, kwa heshima ya mke wa Rais, ambaye ilibainika kuwa ndiye aliyeigundua. Kwenye mabango ya barabarani alionekana akikoroga mtungi, amevaa glavu nyeupe hadi viwikoni, na mwiko ameushika kwa upande wa kichwa.

Melkiori aliposikia tarehe ya ufunguzi, alivaa koti lake la kanisani akapanda basi kwenda mjini. Alitaka kikombe kimoja tu, na mahali penye udongo.

*

Hapo ndipo inabidi kueleza sheria.

Zamani kila mtu wa nchi ile alimimina kidogo chini kabla ya kunywa, kwa ajili ya waliotangulia. Ndipo mshauri mmoja wa uchumi, aliyekwenda ng'ambo kusomea umwagiliaji, alipothibitisha kwenye semina kwamba tangu uhuru marehemu walikuwa wameshakunywa kuliko jeshi lote, bila kulipa kodi hata senti, na kwamba ardhi ya taifa ilikuwa imelewa kabisa, ndiyo maana barabara nyingi zimepinda. Rais aliumia sana kusikia hivyo. Ikaundwa Wizara ya Wahenga, Marehemu na Walioko Njiani. Hao walioko njiani ni wagonjwa.

Wizara haikuwadhulumu marehemu, la hasha. Ilisema tu kwamba kumimina chini ni upotevu, na ikakataza mtu yeyote kusababisha kinywaji kufika ardhini. Badala yake iliajiri Maafisa Wapokeaji, ambao wangeketi na mfiwa, wakanywa kwa niaba ya marehemu wake, na kumletea majibu. Afisa wa Daraja la Tatu aliruhusiwa kupokea kwa niaba ya babu na bibi. Wa Daraja la Pili alipokea kwa niaba ya waume na wake. Kwa waliofiwa na watoto ilibidi asubiriwe wa Daraja la Kwanza, naye alikuwa mmoja nchi nzima, na mara nyingi alikuwa safarini.

*

Baa ya Kimea ilikuwa imejaa. Sakafu yake ilikuwa ya marumaru ukuta hadi ukuta. Melkiori aliingia akitazama chini, akivuka chumba chote hadi dirishani kutafuta hata ufa, na ufa haukuwapo. Nje ya dirisha kulikuwa na bustani, lakini nyasi zake zilikuwa za plastiki, na zilipoishia nyasi yalianza matofali ya saruji hadi getini. Mji mzima ulikuwa umesakafiwa kwa ajili ya mkutano wa marais kuhusu kilimo.

Mhudumu aliyeitwa Domitila, mwanamke mwenye aproni ya ngozi na macho yaliyochoka, alimkaribisha kwenye meza ndogo karibu na kioo, akamwonyesha ubao ulioandikwa kwa chaki.

"Baba, tuna Bia ya Mchakato, Bia ya Mwafaka, Bia ya Kasi Mpya na Bia ya Mama Mwenyewe."

"Naomba hiyo ya mwisho."

"Vizuri, maana hizo nyingine hazijawahi kuwapo." Domitila alivuta pumzi na kukariri akitazama dari, kama walivyofundishwa kwenye semina. "Bia hii ina rangi ya jua la saa kumi. Ukiinusa utapata harufu ya mvua, ngozi ya tandiko la farasi na, kwa mbali, utawala bora. Inapokewa vizuri na nyama laini."

Melkiori alitazama kupitia kioo. Nyuma yake mtaalamu mwenye koti jeupe alikuwa anaigonga geji kwa kidole, anasikiliza, anaigonga tena. Kwenye tangi kubwa pombe ya mkewe ilikuwa inalala baridi. Alijaribu kuhisi kitu chochote, akakosa.

"Nina marehemu," alisema.

"Pole. Ni nani?"

"Mke."

"Basi nakuitia wa Daraja la Pili. Leo wana kazi nyingi, baba, usishangae ukimwona amechangamka."

*

Afisa Mpokeaji aliitwa Trifoni Kabambe. Alikuwa mtu mpana, mwenye tai iliyolala juu ya tumbo kama imeanikwa, na macho mekundu ya mtumishi asiyejua kupumzika. Tangu asubuhi alikuwa ameshakuwa wake za watu wengi. Alivuta kiti, akaketi kwa kishindo, akajifunga kitambaa cheusi begani.

"Jina la marehemu?"

"Anjelista."

"Basi kuanzia sasa ndiye mimi. Sema nami kwa adabu." Kabambe alikohoa, akalainisha uso. "Habari za siku nyingi, mume wangu?"

Melkiori alimtazama. Kwa mtu mwingine hapo pangetokea ugomvi, au angalau machozi. Yeye alijibu, "Nzuri," kwa sababu mtu akikuuliza habari unajibu.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mimi kule niliko ni mzima. Ila nina njaa." Afisa alimgeukia Domitila. "Mletee marehemu mbavu za mbuzi, ndizi za kuchoma na kachumbari. Pilipili iwe pembeni."

"Anjelista hakuwa anakula nyama," alisema Melkiori.

"Huko aliko anakula."

Chakula kikaja, na baada yake jagi. Kanuni ilikuwa hivi: marehemu hupewa jagi, mfiwa hupewa kiglasi cha kuonjea, na mfiwa haruhusiwi kugusa chake mpaka marehemu amalize. Jagi lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Povu lake lilikuwa zito, lenye rangi ya maziwa yaliyochanganywa na majivu, na Melkiori alilitambua mara moja, kwa kuwa alikuwa ameliona kila wiki tangu alipooa.

"Bwana afisa," alisema polepole, "nilimwahidi nitampa ardhini. Kidogo tu. Kijiko kimoja."

Kabambe aliuweka mfupa chini. Alionekana kuhuzunika kwa ajili ya ujinga wa dunia.

"Mzee, sikiliza. Ardhi ina nini? Ina koo? Ina ulimi? Wewe unataka kumpa mke wako kinywaji apitishiwe mchanga na minyoo, wakati Serikali imemwandalia mtu mwenye diploma? Fikiria heshima hiyo. Enzi za wakoloni nani alimpa mwanamke wa kijijini afisa mzima wa kumnywea?"

Akalinyanyua jagi. Melkiori aliiangalia bia ikishuka. Alikiona kidevu cha afisa kikipanda na kushuka, na tone moja likimtiririka shingoni na kuingia ndani ya kola. Ilikuwa pombe aliyoichanganya Anjelista huku anashika ukuta. Ilikwisha bila kupumzika.

Kabambe alijifuta, akafumba macho, akatulia kidogo kungoja mawasiliano.

"Amepokea," alisema. "Anaishukuru Serikali. Anasema bia ni nzuri, ana imani na uongozi uliopo, na anaomba barabara ya huko kwenu iwekwe kifusi."

Melkiori alijua kabisa kwamba hayo ni maneno ya kukaririwa. Meza ya jirani mama mmoja alikuwa amekwisha kuambiwa yaleyale na mume wake, hata hicho kifusi. Hata hivyo mdomo wake ulifunguka wenyewe.

"Anasema nini kuhusu mimi?"

Afisa alifumbua jicho moja.

"Kuhusu wewe hakuna taarifa."

*

Kilichobaki kilikuwa kiglasi cha kuonjea, kidogo kama vile vya kupimia dawa ya kikohozi. Domitila alikiweka mbele ya Melkiori. Kabambe alikaza macho, kwa kuwa kanuni ilimtaka ashuhudie mfiwa anakunywa chote na kukigeuza kiglasi juu chini, asije mtu akatoka na masalia.

Melkiori alikishika kile kiglasi. Akakumbuka babu yake, ambaye hakumimina kamwe kwa kikombe. Alikuwa akijaza mdomo, anatoka nje, anawatemea ardhini marehemu wake. Kikombe, alikuwa akisema, ni cha kuwapa wageni.

Akaiweka bia yote mdomoni. Akakigeuza kiglasi juu ya meza, hakikudondosha kitu.

"Umemeza?" aliuliza Kabambe.

Melkiori akatikisa kichwa kukubali.

"Tamu, eeh?"

Akatikisa tena.

"Mwanamume huyo," alisema afisa, akajifungua kitambaa begani na kuwa mwanamume tena, akarudi kwenye mbavu.

Melkiori alisimama. Kutoka mezani hadi mlangoni hapakuwa mbali, ila siku ile hapakuwa karibu pia, maana spika zote za baa ziliunguruma na Waziri wa Wahenga akaanza hotuba.

"Ndugu wananchi! Kuna nchi ambazo walio hai hawana maji! Sisi, marehemu wetu wanapata bia baridi, na vitafunwa juu! Wapinzani wanasema wananchi wanakufa. Nawauliza: wanakufa wanakwenda wapi? Wanakwenda kwenye huduma bora!"

Watu walipiga makofi, naye Melkiori akapiga. Watu waliitikia "Oyee!", naye akanyanyua mkono juu kabisa ili ionekane mkono umeitikia kwa niaba ya mdomo. Mashavu yalianza kumwuma kwa kujaa. Domitila alimwahi mlangoni.

"Baba, bia umeionaje? Tunaagizwa tuulize."

Melkiori alimtazama bila kusema. Domitila aliangalia mashavu yake, akaangalia koti lake la kanisani, na kitu kikapita usoni pake. Akageuka akamwambia mwenzake wa kaunta, kwa sauti kubwa, "Huyu mzee ameipenda sana, amekosa maneno!" Kisha akamfungulia mlango.

Nje, kwenye zile nyasi za plastiki, jambo likamtokea ambalo hakuwa amelitarajia. Ulimi wake ulianza kuijua ile bia. Kwanza baridi, halafu utamu wa ndizi ulioiva hadi ukakaribia kuharibika, na mwishoni kabisa uchungu wa lile gome, ambao Anjelista aliuzidisha daima kuliko wapika pombe wengine na kukataa kushauriwa. Miezi yote hiyo hakuwa ameonja kitu. Koo lake likaanza kumwomba ameze. Alitamani kumeza kuliko alivyowahi kutamani chochote. Ilikuwa ya mwisho duniani aliyoipika Anjelista, na kama angeimeza hakuna mtu ambaye angejua. Alitembea akiwa ameuma meno, anapumulia puani, anatafuta udongo.

*

Udongo ulikuwapo mahali pamoja tu, karibu na geti, ndani ya uzio mfupi wa minyororo. Ulikuwa umelizunguka shina la Mti wa Mheshimiwa, ambao Rais alikuwa ameupanda siku ya jiwe la msingi, ukakauka wiki hiyohiyo. Wataalamu walishauri using'olewe kwa sababu za kisiasa. Shina lilipakwa rangi, na majani yalifungwa kwa waya, ya kijani sana, na yalifutwa vumbi kila asubuhi. Koplo mmoja, kijana mrefu mwenye jina la Lugendo kifuani, aliwekwa hapo kuulinda mti na kumwuliza kila apitaye swali moja.

"Mzee, mti unauonaje?"

Jibu lilikuwa "umestawi". Kila mtu alilijua. Melkiori alisimama kwenye mnyororo, udongo uko karibu na ncha ya kiatu chake, akanyanyua dole gumba.

"Kwa mdomo, mzee."

Akanyanyua madole gumba mawili.

"Nimesema kwa mdomo! Mti wa Mheshimiwa unauonaje?"

Melkiori aliinama juu ya mnyororo. Koplo Lugendo aliona mtu aliyekataa kuusifu mti, na sasa anaukaribia bila ruhusa. Alifanya alichofundishwa. Alimtandika kofi moja la mkono uliojaa, na kila kilichokuwa mdomoni mwa mzee kikaruka na kumwagika shinani.

Udongo ulikuwa mkavu. Ulikunywa mara moja, ukaacha povu dogo la kijivu.

Lugendo alisikia harufu. Alitazama povu, kisha akautazama mkono wake mwenyewe, na rangi ikamtoka. Sheria haikusema anayemimina. Ilisema anayesababisha.

Afisa Kabambe, aliyetoka kujisaidia ukutani, alikuja akiyumba. "Nani amepeleka kinywaji ardhini?"

"Ni mate, mkuu," alisema Lugendo haraka. "Mate ya mzee."

Kabambe alipiga magoti kwa shida, akanusa. Hakuna mtu nchi nzima aliyeijua harufu ile kuliko yeye. Akapiga hesabu. Kama ni bia, basi yule marehemu amekunywa mara mbili, na mara ya pili bila kupitia kwake, na wizarani wangetaka kujua ya kwanza ilikwenda wapi.

"Ni mate," aliamua. Akainuka kwa kushika mnyororo, akarudi ndani kuwa mke wa mtu mwingine.

Melkiori bado alikuwa amesimama. Shavu lilikuwa linamwaka. Liliuma vizuri, lote, kuanzia sikioni hadi kwenye fizi, na lilipouma, mguu ulioungua ukauma nao, na mgongo, na kitu kingine kifuani kilichokuwa kimekaa kimya tangu mvua zilipoanza. Alifungua mdomo aseme jina la mkewe, badala yake kikatoka kilio. Kilikuwa kilio kikubwa, cha mtu mzima, kisicho na haya. Alijisikia vibaya sana, na hakutaka kiishe.

Koplo Lugendo aliangaza kushoto na kulia. Machozi yalikuwa yanadondoka palepale, juu ya udongo, shinani.

"Mzee wangu, nakuomba," alinong'ona, akimshika mkono kwa upole sasa. "Usilie hapa. Machozi yana wizara yake."

Melkiori hakusogea.